Kabla katoni haijafika Namanga: kupata namba sahihi ya nguo za kike za pamba

Ankara nyingi zinazofika mezani kwa mawakala wa forodha hapa Arusha zina mstari mmoja tu: "Nguo za kike, katoni 38." Mwenye mzigo ameshamlipa muuzaji wa Guangzhou au Istanbul, kontena liko baharini kuelekea Mombasa au Dar es Salaam, na anachotaka kujua ni kiasi atakacholipa. Tatizo ni kwamba mstari ule hauna hata jambo moja kati ya yale ambayo kitabu cha ushuru kinayauliza. Kwa sisi tunaohudumia mizigo ya mipaka ya Namanga na Holili na uwanja wa ndege wa KIA, makosa karibu yote ya nguo huanzia kwenye maelezo hayo. Hesabu ya kodi huharibika baadaye, kwa sababu maelezo yalikuwa mabovu tangu mwanzo.

Kitabu chenyewe ni Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, toleo la 2022, lililoanza kutumika 1 Julai 2022. Kila bidhaa ina namba ya tarakimu 8. Sita za kwanza ni za HS, mfumo wa kupanga bidhaa kwa namba unaotumika duniani, mbili za mwisho ni za Jumuiya. Viwango vyake vikuu ni 0%, 10%, 25% na 35%, na nguo zilizoshonwa, yaani sura ya 61 na ya 62, ziko kwenye 35%.

Hapo ndipo wafanyabiashara wanaposema, "Kama zote ni 35%, weka namba yoyote tumalize." Maneno hayo yanaonekana ya busara, lakini yamewagharimu wengi. Afisa wa forodha hupima bei uliyotamka kwa kuilinganisha na mizigo mingine ya namba hiyohiyo, kwa hiyo ukiweka blauzi nyepesi kwenye namba ya koti, bei yako itaonekana ndogo kupita kiasi na utaombwa uthibitisho. Cheti cha ubora na cheti cha uasili, kinachoonyesha bidhaa ilitengenezwa wapi, navyo hubeba namba ya HS, na vikipishana na tamko lako mzigo unasimama huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku. Na si kila kinachoitwa nguo ya kike kiko kwenye 35%. Khanga, vitenge na mitumba vina taratibu zake, tutazifikia.

Swali la kwanza ni namna kitambaa kilivyotengenezwa. Lugha yetu inatutega kidogo hapa, maana tuna kitenzi kimoja, kufuma, kwa kazi mbili ambazo forodha inazitenganisha kabisa. Anayeketi kwenye kitanda cha mfumi anafuma, na anayetengeneza sweta kwa sindano naye anafuma. Forodha inauliza: je, kitambaa kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu zinazopishana na nyuzi za upana? Au kimeundwa kwa vitanzi, uzi ukijipinda na kushikana na kitanzi cha jirani yake, kama sweta au fulana? Cha vitanzi kinakwenda sura ya 61. Cha mtande kinakwenda sura ya 62. Sidiria hazibaguliwi hivyo, ziwe za vitanzi au za mtande zote huingia 6212.10.

Wengi hupima kwa kuvuta, wakisema kinachovutika ni cha vitanzi. Kipimo hicho kinadanganya. Suruali ya jinzi ya kike yenye pamba 97% na spandeksi 3% inavutika vizuri kabisa, lakini ni kitambaa cha mtande, na namba yake ni 6204.62. Ukiiandika 6104.62 kwa sababu imevutika mkononi, umekosea sura nzima. Tumia kioo cha kukuza, hata kile kidogo cha mafundi saa kinatosha. Tazama upande wa ndani, karibu na mshono. Ukiona vijimraba au mistari ya mshazari ya nyuzi zinazopandana, ni mtande. Ukiona safu za herufi V zilizobebana, ni vitanzi. Kama kuna ukingo usiopigwa zigizagi, chomoa uzi mmoja: kwenye mtande unatoka mnyoofu na kuacha mashada, kwenye vitanzi unatoka umejikunja.

Baada ya hapo linakuja jina la vazi, na majina ya dukani hayasaidii sana. Hizi ndizo namba zinazorudi kila wiki kwa nguo za kike za pamba. Gauni la vitanzi ni 6104.42 na la mtande ni 6204.42. Sketi ni 6104.52 au 6204.52. Suruali na kaputula ni 6104.62 au 6204.62, na humo ndimo zinamoingia skintaiti za pamba zisizo na soksi mguuni. Zenye soksi iliyoungana nazo huhamia 6115. Koti jepesi na bleza ni 6104.32 au 6204.32. Blauzi na shati la kike ni 6106.10 au 6206.30. Nguo za kulalia ni 6108.31 au 6208.21. Chupi za vitanzi ni 6108.21. Mtandio wa pamba wa mtande ni 6214.90. Gagulo huwashangaza wengi, kwa kuwa halina mstari wake wa pamba. Lipo la nyuzi zilizotengenezwa na binadamu, na mengine yote, la pamba likiwemo, huenda 6108.19 au 6208.19.

Fulana na nguo za jamii yake ndizo zenye mabishano mengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Namba 6109.10 ni ya fulana ya pamba kwa maana finyu: kitambaa chepesi cha vitanzi, haina kola, haina kifungo, shingo haijapasuliwa, na chini haina ribu (ukingo wa mistari unaovutika) wala kamba ya kukaza. Ikiwa na kola na vifungo viwili vitatu, ile tunayoiita fomu siksi, na imekatwa kwa mwili wa mwanamke, imetoka huko na kuingia 6106.10. Ikiwa nzito kama sweta na ina ribu chini na mikononi, ni 6110.20. Namba za 6109 na 6110 haziulizi jinsia ya mvaaji, ila 6106 inauliza. Muuzaji wa Guangzhou huziita zote "tisheti" na kuziweka kwenye katoni moja, na ni hapo mzigo wa mtindo mmoja kwenye karatasi unapogeuka mitindo mitatu mezani kwa afisa.

Kuna kanuni ya vitanzi ambayo wachache huihesabu. Vazi la vitanzi haliwezi kukaa 6106 kama lina wastani wa chini ya vitanzi 10 kwa kila sentimita moja, kwa urefu na kwa upana. Kipimo hufanywa juu ya eneo lisilopungua sentimita 10 kwa 10. Laza nguo mezani bila kuivuta, weka rula, hesabu vitanzi katika sentimita 10 kwenda upana, kisha sentimita 10 kwenda urefu. Ukipata 100 au zaidi pande zote mbili, liko ndani. Blauzi ya uzi mnene yenye vitanzi 60 au 70 haikai 6106 hata kama muuzaji ameiita blauzi, kwa kawaida huangukia 6110.20. Usihesabu kwenye ribu ya shingo wala kwenye ua lililofumwa, hesabu kwenye sehemu tupu ya mwili wa vazi.

Blauzi pia hupoteza namba yake kwa sababu ya mifuko. Blauzi au shati lenye mfuko chini ya kiuno, au lenye ribu au kitu kingine cha kukaza pindo la chini, haliruhusiwi kukaa 6106. Tangu HS ya 2022, maelezo ya sura ya 62 yanasema hivyohivyo kwa 6206. Kwa hiyo blauzi ndefu ya pamba ya mtande yenye mifuko miwili pajani, inayouzwa sana kwa kuvaliwa juu ya suruali, haiendi tena 6206.30. Tunaitamka 6211.42. Mawakala waliozoea orodha za zamani bado wanaikosea hii, na ni rahisi kuikagua: mvike mtu, angalia mfuko umeanzia wapi.

Sasa pamba yenyewe. Neno "kotoni" sokoni limekuwa sifa ya ulaini tu, si jina la nyuzi. Madera mengi yanayoitwa kotoni ni viskosi (nyuzi inayotengenezwa kiwandani kwa rojo la mti) au poliesta. Forodha inaangalia uzito wa nyuzi. Ile iliyozidi uzito ndiyo inayobeba vazi zima, kana kwamba vazi lote ni la nyuzi hiyo. Pamba 60% na poliesta 40% ni pamba. Pamba 95% na spandeksi 5% ni pamba. Pamba 50% na poliesta 50% si pamba: zikilingana, inachukuliwa ile inayokuja mwisho kwa mpangilio wa namba, na pamba iko sura ya 52 wakati poliesta iko sura za 54 na 55. Gauni hilo la mtande ni 6204.43, la sintetiki.

Mtego mkubwa uko kwenye mchanganyiko wa tatu. Chukua gauni lenye pamba 45%, poliesta 30% na viskosi 25%. Macho yanaona pamba ndiyo nyingi. Lakini kanuni inaamuru sura za 54 na 55 zihesabiwe pamoja zinaposhindana na sura nyingine, na poliesta 30% na viskosi 25%, zote za sura hizo, ni 55%. Pamba imeshindwa. Ndani ya kundi hilo sasa unalinganisha poliesta na viskosi, poliesta inashinda, na namba ni 6204.43 tena. Tukiona lebo yenye majina matatu, hatuandiki namba kabla ya kujumlisha.

Bitana haihesabiwi. Gauni la pamba lenye bitana ya poliesta linabaki la pamba, hata kama bitana ina uzito mkubwa, kwa kuwa kinachopimwa ni sehemu inayolipa vazi sura yake. Ndiyo maana tunamwomba muuzaji atenganishe: "Nje pamba 100%, bitana poliesta 100%." Akiandika "pamba 55%, poliesta 45%" akiwa amechanganya nje na ndani, anampotosha wakala na afisa pia.

Kuna wanaochoma uzi kwa kiberiti. Kipimo hicho kina faida na kina mpaka wake. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kwa hiyo unaweza kugundua poliesta. Lakini viskosi nayo inaungua kama karatasi, kwa hiyo kiberiti hakiwezi kuitenga na pamba. Lowanisha uzi mmoja na uukate kwa kuuvuta: viskosi ikilowa inadhoofika sana, pamba ikilowa inazidi kukaza. Hivi ni vipimo vya kukupa shaka ili uulize mapema. Mgogoro ukishaingia kwenye tamko, kinachosikilizwa ni majibu ya maabara.

Jinsia ya vazi inaamuliwa na mlalo wa vifungo. Kwa mvaaji, upande wa kulia ukilalia juu ya wa kushoto, vazi ni la kike. Wa kushoto ukilalia wa kulia, ni la kiume. Mkato wa nguo ukionyesha wazi kinyume chake, mkato ndio unaofuatwa. Na vazi lisilojulikana kama ni la kike au la kiume linakwenda kwenye namba za kike, kwa hiyo suruali za lastiki zisizo na alama yoyote, hata zikinunuliwa na wanaume wa Moshi mjini, hutamkwa kama za kike. Nguo za mtoto mwenye kimo kisichozidi sentimita 86 zina namba zake, 6111 na 6209. Zikifika kwenye katoni moja na magauni ya mama zao, zitenganishwe.

Seti za vipande viwili zinahitaji uangalifu. Blauzi na sketi zikifungwa pamoja kwa rejareja, za kitambaa kilekile kabisa, rangi ileile na saizi zinazolingana, zinahesabiwa kuwa seti na kwenda 6204.22. Zikitofautiana hata kwa rangi, yaani blauzi nyeupe na sketi ya maua, kila kipande kinakwenda kwake: 6206.30 na 6204.52. Gauni na mtandio wake vilivyotiwa mfuko mmoja ni vitu viwili, 6204.42 na 6214.90, hata kama kitambaa ni kimoja. Muuzaji akiandika "seti 300", muulize ni vipande vingapi na kila kimoja kina uzito gani.

Khanga na kitenge vikiwa bado kitambaa si sura ya 62. Doti ya khanga iliyopigwa chapa, hata ikiwa tayari kuvaliwa, ina mstari wake kwenye sura ya 52, kwa mfano 5208.52.10. Mistari hiyo iko kwenye orodha ya bidhaa nyeti ya Jumuiya, ambako kitabu kinaweka 50%. Nchi moja moja huomba kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, na hilo hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya kila katikati ya mwaka. Anayeagiza vitenge Juni kwa hesabu ya mwaka uliopita, mzigo ukafika Julai, anaweza kukuta kiwango kingine. Kitenge kikishashonwa gauni huko kilikotoka, kinakuwa 6204.42 kama gauni lingine lolote la pamba ya mtande.

Mitumba, hii ya Memorial pale Moshi na masoko yetu ya Arusha, ni 6309.00. Ili nguo iitwe mtumba kisheria lazima ionyeshe dalili za wazi za kuvaliwa, na ije kwa wingi, kwenye belo, gunia au ufungaji wa namna hiyo. Nguo mpya zilizobaki kiwandani, zenye lebo za bei, hazigeuki mtumba kwa sababu zimebanwa kwenye belo. Afisa akifungua belo na kukuta nusu yake ni blauzi mpya, nusu hiyo inatafutiwa namba yake. Ushuru wa mtumba ni 35% au dola 0.40 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Belo la kilo 45 haliwezi kulipa chini ya dola 18, na kipimo cha kilo ndicho kinachoshika kila belo hilo likiwa na thamani ya chini ya takriban dola 51. Nguo za ndani zilizovaliwa zimekatazwa na TBS. Usiache zichanganywe.

Kuna hili la kununua Nairobi. Blauzi iliyoshonwa China ikauzwa Eastleigh haiwi bidhaa ya Kenya kwa kuwa na risiti ya Kenya. Msamaha wa ushuru wa Jumuiya unafuata mahali ilipotengenezwa, kwa masharti ya uasili ya 2015. Cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinawasaidia sana wafanyabiashara wadogo wa Namanga, Holili na Tarakea, lakini kwa bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha yake tu. Lebo ya "Imetengenezwa China" shingoni inamaliza mjadala.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa mzigo wa baharini, thamani inayotozwa ni bei ya nguo pamoja na bima na usafiri. Kwa thamani ya shilingi 10,000,000, ushuru wa 35% ni 3,500,000. VAT ya 18% inatozwa juu ya 13,500,000, yaani 2,430,000. Jumla ni 5,930,000, kabla ya tozo nyingine za mwaka husika, ambazo nazo huongeza VAT zinapoingia kwenye msingi wake. Usafiri wa kontena la pamoja ugawanywe kwa kila mstari, usirundikwe kwenye mstari mmoja, la sivyo bei ya kipande itakataa kufanana na ukweli. Pima pia kwa mizani: magauni 240 yaliyotamkwa kuwa na kilo 24 ni gramu 100 kila moja, na gauni la pamba la mtu mzima kwa kawaida halina uzito mdogo hivyo. Afisa anafanya hesabu hii kichwani.

Mstari mzuri wa ankara, ule tunaowaomba wateja wautake kabla ya kulipa salio, unasomeka hivi: "Gauni la kike, kitambaa cha mtande, nje pamba 100%, bitana poliesta 100%, mikono mifupi, zipu mgongoni, vipande 240, kilo 84, mtindo namba 1107." Ni sentensi moja, na muuzaji anaijua yote. Asipotaka kuiandika, hiyo nayo ni taarifa juu yake.

Kwa mtindo wenye utata, omba TRA uamuzi wa awali kabla mzigo haujafika, ukiambatanisha sampuli na maelezo hayo. Mzigo ukiwa tayari mpakani na namba yako ikibadilishwa, omba sampuli ichukuliwe mbele yako na isainiwe pande zote mbili. Omba pia sababu za uamuzi kwa maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 za kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi huo, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Wengi hupoteza haki hii kwa kubishana mdomoni pale dirishani hadi siku zikaisha. Upande wa pili, anayetamka uongo kwa makusudi anakabiliwa na kifungu cha 203: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Ushuru uliopungua nao hudaiwa baadaye kwa riba ya 2% kwa mwezi, na wakaguzi huja dukani hata kama nguo zimeshauzwa zote.

Kwa hiyo hifadhi nyaraka kwa miaka 5. Mwambie muuzaji akutumie kwa kila mtindo kipande cha kitambaa cha sentimita 10 kwa 10, kisichopungua hapo, ukibandike nyuma ya nakala ya ankara pamoja na namba ya mtindo na namba ya HS uliyotamka. Mkaguzi akija baada ya miaka mitatu akauliza kwa nini 6106 na si 6110, utamwekea kipande hicho mezani na rula pembeni, ahesabu mwenyewe.